Lori likirudi tupu, nyumbani analipa nani?

Simu ya mama mdogo iliingia saa nne usiku. Nilimwamkia, akaitikia kwa mkato, kisha akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, lori kutoka hapa Dar kwenda Lubumbashi na kurudi linatumia siku ngapi?"

Nikamwambia mimi naandika habari za afya, mambo ya malori siyajui vizuri. Nilikuwa nimesikia tu kwamba mipakani pasipokuwa na foleni kubwa, wiki mbili na siku kadhaa zinatosha.

"Haya. Leo ni siku ya 19. Baba yako mdogo alishusha mzigo tangu siku ya nane, kaniambia mwenyewe. Nikimuuliza mbona harudi, anasema anasubiri mzigo wa kurudi nao. Mzigo gani huo? Si ageuze gari aje nyumbani?"

Hakumalizia alichokuwa anakiwaza, lakini nilimwelewa. Mke wa dereva wa masafa marefu akiambiwa "nasubiri mzigo" kwa siku 11, mawazo yake hayaendi kwenye mzigo, yanakwenda kwa mwanamke mwingine. Isitoshe, kodi ya nyumba ya miezi sita ilikuwa inaisha wiki ile, na Mangi wa dukani alishakataa kuandika mkopo mwingine kwenye daftari.

Baba mdogo alifika nyumbani Kibaha siku ya 28. Miguu imevimba, macho mekundu, kichwa kinamgonga. Kesho yake nilimsindikiza zahanati. Mashine ya presha ilisoma 172 kwa 108. Kwa mtu mzima, presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila inapopimwa, tayari huhesabiwa kuwa ni ya juu.

Tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa, nikamuuliza swali la mkewe: kwa nini hukugeuza gari ukaja nyumbani? Akacheka kidogo, akaniomba kalamu, akaanza kuandika hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo. Hesabu ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu naamini ziko nyumba nyingi zinazogombana juu ya hesabu ambayo hazijawahi kuonyeshwa.

Barabara moja, bei mbili

Ndugu msomaji, si lazima uwe na lori ndipo uielewe. Umewahi kukodi bodaboda usiku kutoka mjini kwenda mtaa wa mbali? Dereva anakutajia bei kubwa, na ukilalamika anakujibu: "Kule narudi tupu." Maana yake ni kwamba wewe unalipia kwenda kwako na kurudi kwake.

Sasa fikiria uko kule kule mtaani, saa hiyo hiyo, unataka kuja mjini. Bodaboda aliyetoka kumshusha abiria atakuchukua hata kwa bei ndogo, kwa kuwa mjini anarudi kwa vyovyote. Pikipiki ni ile ile, umbali ni ule ule, lakini bei ni mbili.

Kwenye malori ya masafa marefu ni hivyo hivyo, ila hesabu yake ni ya mamilioni. Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma ni takriban kilometa 930. Hapo unavuka kuingia Nakonde, Zambia, unashuka hadi Kapiri Mposhi, unapita miji ya migodi ya shaba, kisha unavuka Kasumbalesa kuingia Kongo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, ina kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mtu wa Lubumbashi akifika hapo bado hajafika kwake.

Kinachotoka bandarini kwenda huko ni mafuta, salfa ya migodini, mitambo, vyakula na bidhaa za madukani. Kinachokuja huku zaidi ni madini, hasa shaba. Mizigo ya pande hizo mbili hailingani siku zote. Na hata ikilingana kwa tani, si kila gari linaweza kubeba kila mzigo.

Lori la mafuta ndilo mfano ulio wazi. Likishamwaga dizeli Lubumbashi, haliwezi kupakia shaba ndani ya tangi. Linarudi tupu, na dereva wake analijua hilo tangu siku anayoondoka. Kwa hiyo bei ya kupeleka mafuta lazima ibebe pia dizeli, matairi na siku za kurudi.

Lori la kontena lina shida yake. Kontena si mali ya mwenye mzigo, ni la kampuni ya meli, na likishafunguliwa lazima lirudishwe. Likichelewa, malipo ya adhabu yanahesabiwa kwa kila siku. Hivyo lori linasafirisha kasha lenye hewa tupu kilometa zote hizo.

Kuna sheria pia. Kwa kawaida nchi haziruhusu gari la kigeni kubeba mzigo wa ndani. Lori la Tanzania likishusha Lubumbashi haliwezi kuokota mzigo wa kwenda Kolwezi ili lisikae bure. Linaloruhusiwa kubeba ni mzigo unaovuka mpaka kuja huku.

Hata ndani ya nchi yetu mambo ni hayo. Lori linalopeleka saruji na mabati Songea au Sumbawanga wakati wa mavuno hukuta magunia ya mahindi yanalisubiri. Likienda miezi ambayo maghala yameshakauka, linarudi na upepo. Mfuko wa saruji unaouzwa ghali mikoani unabeba ndani yake kilometa hizo za kurudi bila kitu, ingawa mnunuzi haoni pameandikwa popote.

Kwa nini tajiri akubali bei ndogo?

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mzigo wa kurudi mara nyingi hulipa kidogo sana, pengine hata gharama ya dizeli ya njiani haifikii vizuri. Sasa kwa nini tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari, aukubali?

Baba mdogo alinijibu kwa swali. "Gari si linarudi hata bila mzigo? Dizeli ya kurudi tupu nitaichoma tu."

Hapo nikaelewa. Tajiri anapopigiwa simu na dalali, haulizi kama bei inatosha kulipia safari nzima ya kurudi. Anauliza kama inazidi gharama itakayoongezeka kwa sababu ya kupakia: dizeli ya ziada kwa kuwa gari limekuwa zito, chake dalali, wapakiaji, na karatasi za mpakani. Kikibaki chochote juu ya hapo, anakiona ni faida.

Shida ni kwamba tajiri wa jirani anafikiri vivyo hivyo, na wa tatu pia. Wote wana magari yaliyoegeshwa, wote wanataka kurudi. Mwenye mzigo anajua. Anatulia, anawaacha washindane kushusha bei.

Kwa mwenye gari moja au mawili, kama tajiri wa baba mdogo, hali ni ngumu zaidi. Shaba ni mali ghali na inaibiwa njiani, kwa hiyo wenye nayo hupenda mikataba na kampuni zenye magari mengi na bima nzuri. Mwenye gari moja anangoja kampuni kubwa ipungukiwe magari ndipo imwachie mzigo, tena kwa bei iliyokwishakatwa. Ndivyo baba mdogo alivyopakia siku ile.

Siku ndizo zinazokula faida

Sasa tuje kwenye ile karatasi. Namba nimezirahisisha, ni za mfano, si bei za barabarani.

Tuseme mzigo wa kwenda unalipa shilingi milioni 10. Dizeli ya kwenda na mzigo ni milioni 4. Dizeli ya kurudi tupu ni milioni 2.4. Ushuru wa barabara, mipaka na mengineyo ni milioni 1. Halafu kuna gharama zinazokwenda kwa siku, gari litembee lisitembee: marejesho ya mkopo wa benki, bima, mshahara, posho. Tuziweke shilingi 100,000 kwa siku. Safari ya kwenda na kurudi tupu ikichukua siku 16, hizo ni milioni 1.6.

Jumla ya gharama ni milioni 9. Tajiri anabaki na milioni 1 kwa siku 16, sawa na shilingi 62,500 kwa siku.

Sasa unatokea mzigo wa kurudi wa milioni 2.4. Gharama za ziada za kuubeba ni milioni 1.2, inabaki milioni 1.2. Ukipatikana haraka, na kupakia na kushusha kukaongeza siku mbili tu, gharama ya siku hizo ni 200,000. Tajiri anapata milioni 2 kwa siku 18, yaani kama shilingi 111,000 kwa siku. Hapo kila mtu anafurahi.

Lakini ikiwa mzigo ule ule umesababisha safari iongezeke siku 12, kama ilivyomtokea baba mdogo, gharama ya siku hizo ni milioni 1.2. Faida yote ya mzigo wa kurudi imekwisha. Tajiri amebaki na ile milioni 1 yake ya mwanzo, ila sasa imepatikana kwa siku 28. Ni chini ya shilingi 36,000 kwa siku.

Kwa maneno mengine, angerudi tupu angekuwa amepata zaidi, maana siku ya 17 gari lingekuwa bandarini linapakia mzigo mwingine wa milioni 10. Lori lililoonekana limerudi na hela ndilo lililopoteza.

Nilimuuliza kwa nini basi tajiri hakumwambia arudi. "Dalali anasema kesho. Kesho akisema kesho. Ukishasubiri siku tano, unaona ukiondoka umezitupa," alisema. Milioni 2.4 zinaonekana kwenye ujumbe wa simu. Siku zinazopotea hazimtumii mtu ujumbe.

Nani analipia kusubiri?

Hapa ndipo hesabu ya barabarani inapoingia jikoni kwa mama mdogo.

Baba mdogo ana mshahara mdogo wa mwezi. Kinachoendesha nyumba ni posho ya safari, nayo hutolewa mara moja gari linapoondoka, imepigwa kwa siku 16. Siku ya 17 ikimkuta Kongo, chakula, maji ya kuoga na ulinzi wa gari vinatoka kwenye hela aliyopanga kutuma nyumbani. Na badala ya kukaribia safari mbili kwa mwezi, anapata moja. Posho moja, mwezi mzima.

Ukiitazama kwa upande huo, tajiri anapoteza kiasi, dereva anapoteza sana, na mwenye mzigo hapotezi kitu. Mama mdogo, ambaye hajawahi kukanyaga Tunduma, ndiye anayekwenda kumwomba mwenye nyumba amvumilie.

Pengo linajazwa na mwili

Sehemu hii sasa ni ya kwangu, maana ni ya afya.

Baada ya kupakia, foleni ya Kasumbalesa ilimla siku tatu. Tajiri akaanza kupiga simu asubuhi na jioni. Baba mdogo akaamua kuzifidia siku kwa kuukata usingizi. Aliniambia kwamba alipokuwa anapita Mikumi, mahali ambapo barabara inakatiza hifadhini, alishtuka tairi za kushoto ziko kwenye changarawe. Hakumbuki kilometa mbili tatu za nyuma yake. Mkewe hajui, na ameniruhusu niandike ili ajue kwa njia hii.

Utafiti wa usingizi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi vibaya kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva huyo hanuki pombe, na trafiki akimsimamisha hatamkuta na kosa.

Njia nyingine ya kufidia ni kuzidisha mzigo, lakini mizani imeibana. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, uzito wa juu ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na anayezidisha hulipa. Mzigo ukishafungwa kwenye tani, kinachobaki cha kunyoosha ni saa za dereva.

Halafu kuna kusubiri kwenyewe. Watu hudhani dereva aliyeegesha anapumzika. Kwa kweli analala kwenye kichwa cha gari chenye joto, mara nyingi bila chandarua, akiamka kila akisikia kishindo kwa hofu ya wezi wa dizeli. Anakula chipsi na nyama choma za chumvi nyingi kwa sababu ndizo zilizopo saa sita usiku. Anakaa saa nyingi bila kutembea, damu inatuama miguuni. Kama ana dawa za presha au kisukari za siku 14, siku ya 15 anaziacha bila kumwambia mtu.

Na la mwisho tuliseme, maana ndilo lililompigisha simu mama mdogo. Upweke wa mpakani upo, na hatari ya Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa ipo pamoja nao. Kondomu na kupima pamoja, mume na mke, kunasaidia kuliko kupekua simu. Lakini tusisahau kwamba siku 12 za kusubiri hazikuletwa na tabia ya dereva. Zililetwa na bei.

Tulichokubaliana nyumbani

Jumapili moja tulikaa sebuleni, mimi, baba mdogo na mama mdogo, na ile karatasi katikati ya meza. Mama mdogo aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe mngenionyesha hii tangu mwaka juzi."

Tulikubaliana mambo machache, na huenda yakamfaa msomaji mwenye dereva ndani ya nyumba.

Kwanza, hesabu ya nyumba ipigwe kwa siku, si kwa safari. Mama mdogo sasa ana daftari lenye safu tatu: siku aliyoondoka, siku aliyoshusha, siku aliyopakia. Kodi anaitengea kidogo kidogo kila posho inapoingia, kabla posho haijagawanywa.

Pili, swali la simu libadilike. "Unarudi lini?" ni swali ambalo dereva hana jibu lake, na linamsukuma kuendesha usiku. Afadhali kuuliza, "Umelala saa ngapi jana?"

Tatu, malipo ya siku za kusubiri yazungumzwe na tajiri kabla ya safari, na yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na inakataza kazi ya zaidi ya saa 12 kwa siku. Madereva wengi wanafanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, kwa hiyo siku ikizuka hoja hawana cha kushika.

Nne, dawa za kila siku zibebwe za siku 40, hata kama safari ni ya 16. Mweleze mhudumu wa afya kazi unayoifanya, aandike za kutosha. Presha ipimwe kila unaporudi, usingoje kichwa kiume.

Tano, ambalo ni la tajiri zaidi: kabla ya kukubali mzigo wa kurudi, ijulikane mapema gari litasubiri siku ngapi mwisho. Zikifika, ligeuzwe.

Baba mdogo alimpelekea tajiri wake hesabu ile. Kuhusu posho ya kusubiri, alimjibu kwamba wataongea, na mpaka leo hawajaongea. Lakini safari iliyofuata dalali aliposema "kesho" kwa mara ya tatu, simu ilitoka Dar es Salaam: geuza, njoo.

Alirudi tupu, akafika siku ya 18. Mama mdogo aliniambia ndiyo mara ya kwanza anafurahi kusikia mumewe amerudi bila mzigo. Kodi imelipwa, ingawa nusu yake ni hela ya kikoba.

Wiki iliyopita nilikwenda naye tena zahanati. Presha ilisoma 148 kwa 92. Imeshuka, lakini bado iko juu, na keshokutwa anapakia.